Hesabu ya Vijiji Viwili: Mlima Kilimanjaro na Gujarat



Katika kurasa nyingine za kitabu hiki mtasoma habari za jengo la hekalu letu, za wafadhili wake na za sherehe zake. Sisi tumepewa jukumu la kuandika juu ya watu: walikuwa wangapi, walitoka wapi, na wamekwenda wapi. Tumeona ni vema tuanzie kijijini. Karibu kila familia ya Kigujarati inayosali hapa Moshi ilitoka katika kijiji fulani cha Gujarat, na karibu kila jirani yetu wa Kichagga anapo kwao mlimani, hata kama alizaliwa Dar es Salaam.

Jamii hizi mbili zimeishi pamoja chini ya mlima huu kwa zaidi ya miaka 100, na mara nyingi hutajwa kama watu wasiofanana hata kidogo. Lakini mtu akizichukua hesabu za watu na kuzisoma kwa utulivu, ataona jambo jingine. Wote wawili ni wana wa vijiji vilivyojaa, ambavyo ardhi yake haikutosha kugawiwa watoto wote, na ambavyo vimeendelea kuishi kwa kuwatuma watoto hao mbali bila kuwafuta katika hesabu ya nyumbani.

Vijiji tulivyotoka

Wazee wetu walitoka hasa katika sehemu tatu: Kutch, rasi ya Kathiawar ambayo pia huitwa Saurashtra, na Charotar, yaani nchi ya Anand na Nadiad. Kutch na Kathiawar ni nchi kavu, na mkulima wake huishi akitazama mawingu. Mwaka 1899 hadi 1900 mvua ilikosekana na njaa kubwa ikaingia. Wagujarati huiita njaa hiyo Chhappaniyo, yaani ile ya hamsini na sita, kwa kuwa ilitokea mwaka 1956 wa kalenda ya Vikram Samvat. Charotar, kwa upande wake, ina udongo mzuri na tumbaku hustawi sana. Shida ya Charotar ilikuwa wingi wa watu. Kwa desturi ya huko shamba hugawiwa sawa kwa wana wote wa kiume. Baba mwenye ekari 12 na wana wanne humwachia kila mmoja ekari tatu. Nao wakizaa wana wanne wanne, kila mjukuu hubaki na robo tatu ya ekari. Hapo hesabu yenyewe humwambia kijana afunge mzigo.

Ipo dhana kwamba Wahindi wote wa Afrika Mashariki ni wajukuu wa vibarua wa reli ya Uganda. Vibarua hao, zaidi ya 30,000 walioletwa kati ya mwaka 1896 na 1901, walitoka zaidi Punjab, na wengi wao walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Wagujarati walifika kwa njia nyingine: kwa majahazi yaliyosukumwa na upepo wa kaskazi, na baadaye kwa meli, wakimfuata mjomba au kaka aliyetangulia kufungua duka Unguja, Mombasa, Bagamoyo au Tanga. Aliyetangulia alimwita binamu yake amsaidie kuuza. Binamu alipojua Kiswahili cha biashara na kupata mtaji mdogo, alisogea bara na kufungua duka lake, naye akamwita mdogo wake.

Sensa za wakati wa ukoloni zinaonyesha mwendo huo. Katika Tanganyika, Wahindi pamoja na Wagoa walikuwa karibu 10,000 mwaka 1921. Mwaka 1931 walikuwa karibu 25,000, mwaka 1948 karibu 46,000, na mwaka 1957 zaidi ya 76,000. Hawakufika laki moja hata katika wakati wao wa kuongezeka kwa kasi. Tunalitumia neno laki kwa makusudi, kwa sababu lenyewe, sawasawa na neno duka, lilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara, na leo halina mtu anayelidhani kuwa geni.

Hapa kwetu reli kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, na mji wa Moshi ukashuka kutoka Old Moshi, ilikokuwa boma ya Wajerumani, ukaja kukaa tambarare karibu na stesheni. Mwaka 1929 reli hiyo ilifika Arusha. Wakati huohuo kahawa, ambayo wamisionari waliipanda kwanza Kilema, ilikuwa imeenea katika migomba ya Wachagga. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha KNCU. Fedha ya kahawa iliposhuka kutoka mlimani ilikutana na kitambaa, sukari, chumvi, mafuta ya taa, majembe na mabati. Ndipo maduka yalipoongezeka mjini na katika njia panda za mlimani. Hata hivyo mji ulikuwa mdogo: sensa ya mwaka 1957 haikufikisha watu 14,000 katika Moshi nzima. Katika mji wa ukubwa huo kila duka lilijulikana kwa jina la mwenyewe, na kila mwenye duka alijua madeni ya ukoo mzima.

Kihamba na watoto wa katikati

Majirani zetu wa mlimani hawakuja kwa jahazi, lakini tatizo lao la ardhi tunalielewa vizuri. Mchagga huishi katika kihamba, shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa, miti, mboga na ng'ombe wa zizini, likinyweshwa kwa mifongo iliyochimbwa na mababu. Ukanda wa vihamba umekaa kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Juu yake ni msitu uliohifadhiwa, chini yake ni nchi kavu. Ukanda huo hauwezi kupanuka, na watu wake wamekuwa wakiongezeka kwa muda mrefu.

Desturi ya Wachagga ilipata njia yake ya kukabili jambo hili. Mwana wa kwanza alipewa kihamba na baba yake alipooa. Mwana wa mwisho alirithi nyumba ya wazazi pamoja na wajibu wa kuwatunza. Watoto wa katikati walipaswa kutafuta. Zamani walifyeka mahali papya ndani ya ukanda uleule. Nafasi ilipokwisha walishuka tambarare, na tambarare nayo ilipojaa walikwenda mbali zaidi: Arusha, Tanga, Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya. Shule zilizoanzishwa na misheni za Wakatoliki na Walutheri tangu miaka ya 1890 ziliwapa wengi wao kalamu mahali pa jembe.

Kwa hiyo Mchagga mwenye duka Mwanza yupo leo katika nafasi ileile aliyokuwa nayo babu yetu hapa Moshi. Alimfuata kaka yake, alilala nyuma ya duka, hupeleka fedha nyumbani, na wazazi hupenda aoe kutoka kwao. Hata utani anaofanyiwa kuhusu kupenda fedha tunaufahamu, maana sisi tulitangulia kuupokea. Waswahili walikwishasema, Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Tumeishi na methali hiyo kwa kicheko, na tunawakaribisha majirani zetu waishi nayo vivyo hivyo.

Sensa zinasema nini

Tangu uhuru, Tanzania imefanya sensa sita: mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Mwaka 1967 mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu laki sita na nusu hivi. Mwaka 2012 walikuwa 1,640,087, na mwaka 2022 walikuwa 1,861,934. Mtu akiishia hapo atasema mkoa unakua vizuri. Lakini katika miaka hiyo kumi ya mwisho watu wa Tanzania yote walitoka 44,928,923 hadi 61,741,120, ongezeko la zaidi ya asilimia 37. Kilimanjaro iliongezeka kwa asilimia 13 na nusu tu.

Tukiingia wilayani jambo linakuwa wazi zaidi. Manispaa ya Moshi iliongezeka kutoka watu 184,292 hadi 221,733, yaani asilimia 20. Siha, wilaya ya upande wa magharibi yenye mashamba makubwa na nafasi zaidi, nayo iliongezeka karibu kiasi hicho. Rombo, wilaya ya vihamba upande wa mashariki, ilitoka watu 260,963 na kufika 275,314. Hilo ni ongezeko la watu 14,351 kwa miaka kumi, chini ya asilimia sita. Kama Rombo ingeongezeka kwa kasi ya taifa, mwaka 2022 ingekuwa na watu zaidi ya 358,000. Tofauti ni zaidi ya watu 80,000.

Tusiseme kwamba wote hao wamehama. Sehemu ya tofauti hiyo ni watoto ambao hawakuzaliwa, kwa kuwa Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa ambayo kina mama huzaa watoto wachache zaidi nchini. Elimu ya wasichana, zahanati za karibu na udogo wa vihamba vimefanya kazi yao. Lakini sehemu nyingine ni watu walio hai, wenye majina, wanaolala kwingine.

Neno kulala ndilo ufunguo wa hesabu hizi. Sensa ya Tanzania humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na sensa mbili za mwisho zilifanyika mwezi Agosti. Kijiji cha Rombo mwezi Agosti ni kijiji cha wazee, akina mama na watoto wa shule. Kijiji hichohicho mwezi Desemba ni kingine kabisa. Mabasi kutoka Dar es Salaam hujaa hadi tiketi kuwa shida, nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa madirisha, mbege hutengenezwa kwa wingi na ukoo mzima huketi pamoja. Karani wa sensa angepita wiki ya Krismasi, angeandika namba nyingine.

Huko Gujarat ni vivyo hivyo. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilichukua kuwa kipimo chake saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi. Wakati huo wageni wamekwisha kuondoka. Katika vijiji vya Charotar wanaokuja kutoka Uingereza, Marekani na Afrika Mashariki hufika Desemba na Januari. Kijiji cha Dharmaj huwa na siku yake maalumu ya kuwapokea wana wake, tarehe 12 Januari. Majedwali ya sensa hutoa idadi ya kaya, ya wanaume, ya wanawake, ya watoto na ya wanaojua kusoma. Hayatoi idadi ya watu wanaokiita kijiji hicho kwetu.

Hesabu ya wanawake

Lipo jambo jingine katika majedwali hayo ambalo hatupendi kulipita kimya. Mwaka 2012 Rombo ilikuwa na wanaume 124,528 na wanawake 136,435. Kwa kila wanaume 1,000 walikuwapo wanawake karibu 1,096. Sababu yake kubwa haina fumbo: wanaume wamekwenda kutafuta, na wanawake wamebaki kulinda migomba, ng'ombe, wazee na makaburi. Kijiji cha mlimani kimesimama mikononi mwa kina mama.

Katika Gujarat hesabu hugeuka. Sensa ya mwaka 2011 iliwahesabu watoto wa chini ya miaka saba, na kwa kila wavulana 1,000 wasichana walikuwa karibu 890 tu. Watoto wa umri huo hawahami kutafuta kazi. Upungufu huo ulitoka katika nyumba zilizotaka wana wa kiume na kuwakataa mabinti, hata kabla hawajazaliwa. Sisi tunaomsujudia Mungu kwa majina ya Lakshmi, Saraswati na Amba hatuwezi kuitazama namba hiyo kwa fahari. Tukitafuta mfano wa kuigwa katika jambo hili, tuutafute kwa majirani zetu wa mlimani.

Nasi hapa Moshi tulianza na upungufu wa wanawake wa namna nyingine. Waliotangulia walikuwa vijana wa kiume peke yao. Wake na mama walifuata baadaye, miaka kadhaa, na ndipo mahali pa kulala wauza duka palipogeuka kuwa jamii yenye harusi, shule na sala za kila jioni. Hekalu lilihitaji wanawake ili liwe hekalu. Hata hivyo, majina yanayosomwa katika vibao vya ufadhili vya jamii zetu ni ya wanaume, takribani yote.

Hesabu yetu wenyewe

Sasa tunafika mahali pagumu. Je, sisi wenyewe tuko wangapi leo? Sensa ya taifa haitujibu. Tangu mwaka 1967 hakuna sensa ya Tanzania iliyomwuliza mtu kabila lake, asili yake au dini yake. Tunaamini huo ulikuwa uamuzi wa busara. Taifa lenye makabila zaidi ya 120 lilichagua kumhesabu kila mtu kama Mtanzania, na sisi tumefaidi amani iliyotokana na uchaguzi huo. Lakini tokeo lake ni kwamba hakuna idara itakayotuambia Wahindu wa Moshi walikuwa wangapi mwaka 1970, au ni wangapi sasa. Kazi hiyo imebaki kwetu.

Tunachojua bila namba ni kwamba tulikuwa wengi kuliko tulivyo. Azimio la Arusha la mwaka 1967, sheria ya kutaifisha majengo ya mwaka 1971 na Operesheni Maduka ya mwaka 1976 vilibadili biashara na makazi, na familia nyingi za Kiasia nchini zilihamia Uingereza, Kanada na kwingineko. Zilizobaki ziliendelea kulea watoto hapa, na watoto hao nao wamekwenda kusoma na kufanya kazi mbali. Hatuandiki haya kwa kulalamika. Jamii iliyofika kwa kumfuata kaka aliyetangulia haiwezi kushangaa watoto wake wakifanya vilevile.

Lakini kati yetu na majirani zetu ipo tofauti moja kubwa. Mchagga aliyefia Mwanza hurudishwa mlimani akazikwe kihambani, kando ya baba na babu yake. Masale yanayopandwa mipakani na makaburini ni daftari lisilofutika. Mtoto aliyezaliwa mbali huonyeshwa mahali ukoo ulipolala, naye hujua analo jambo la kumrudisha. Sisi tunachoma maiti zetu, na majivu hukabidhiwa maji. Hatuna kaburi la kumwonyesha mjukuu. Kijijini Gujarat walikuwapo wavahivancha, wenye vitabu vya nasaba, waliopita nyumba kwa nyumba wakisoma majina ya mababu na kuandika ya waliozaliwa. Nao mara nyingi waliandika wana wa kiume na kuwaacha mabinti. Hapa Moshi hawakufika.

Kilichobaki ni hekalu na madaftari yake: orodha za michango, ndoa, sala za marehemu. Mengi yameandikwa kwa Kigujarati, kwa mkono wa makarani waliofariki, na vijana wetu wengi wanakisema Kigujarati nyumbani lakini hawasomi herufi zake. Wazee wanaoweza kuzisoma na kusema huyu alikuwa nani, mtoto wa nani, kutoka kijiji gani, wanapungua kila mwaka. Sisi ni watu wa biashara, na kila Diwali tunafanya sala ya kufungua vitabu vipya vya hesabu. Twaijua methali: mali bila daftari huisha bila habari. Basi watu bila daftari nao huisha hivyohivyo.

Kwa hiyo tunaiomba kamati ya hekalu letu, katika mwaka huu wa maadhimisho, ifungue daftari la watu. Liandikwe kwa Kiswahili, ili mjukuu aliyeko hapa na jirani yake walisome pamoja. Kila familia iandike kijiji ilichotoka, mwaka ilipofika, nani alitangulia na nani alimfuata. Majina ya mama, bibi na mabinti yaandikwe sawa na ya wanaume. Waliohama waandikwe pia, na mahali walipo sasa, kwa maana hao ndio wanaotukosesha hesabu kila Agosti. Waandikwe pia mafundi, wapishi na walinzi wa mlimani na tambarare waliolijenga na kulitunza hekalu hili pamoja nasi, ambao vibao havikuwataja. Madaftari ya zamani yasomwe na wazee mbele ya vijana, na kila jina litafsiriwe lingali na mtu wa kulieleza.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji jioni chache baada ya sala, meza moja, na wazee wetu wakiwa bado wapo. Tunawaombea wote afya na maisha marefu, na tunawakaribisha waanze na majina ya bibi zao.